JANI KAVU LA MWAKA 1938 LINASEMA NINI?



Siku ya posho iliyopita tulifanya salongo katika depo ya vitu vya zamani. Tulitoa mabati yenye kutu, miguu ya meza, na chini kabisa kifurushi cha magazeti kilichofungwa kwa kamba. Ndugu mmoja wa mwaka wa nne alikitupa pamoja na takataka, akasema: «Hii iko majani tu, tuichome.» Nikamwambia angoje kidogo. Tulipokata kamba tukakuta mimea mikavu, mmoja mmoja kati ya kurasa, yote 31. Kumbe ilikuwa kazi ya biolojia ya wale waliotutangulia, ile ile tuliyofanya sisi wote: mwalimu anaomba mimea 20, tunaichuma mbio mbio siku ya mwisho, tunapewa pointi, halafu hakuna anayeuliza tena imekwenda wapi.

Pale pale mabishano yakaanza. «Sasa majani ya kukauka iko na faida gani?» Sikuwa na jibu zuri, na kiongozi wa wanafunzi asiye na jibu anachekwa wiki nzima. Basi nilitafuta. Ninawaandikia hapa niliyoyapata, sababu yanagusa pori letu hili la Walikale kuliko nilivyofikiri.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Mahali ambapo mimea mikavu inatunzwa kwa kujifunza panaitwa herbariumu. Unachukua tawi lenye majani, na maua ao matunda kama yako, unalilaza ndani ya gazeti, unalikandamiza kati ya mbao mbili, unabadilisha magazeti kila siku mpaka maji yote yatoke. Kwetu ambako mvua haitaki kupumzika, watu wa kazi hiyo wanalazimika kukaushia juu ya moto mdogo, la sivyo mmea unaoza. Ukikauka, unashonwa ao unabandikwa juu ya karatasi ngumu, na pembeni panawekwa kikaratasi chenye maandiko. Ndiyo hiyo tu. Kazi hii ilianza Italia katika karne ya 16, na anayetajwa kuwa wa kwanza kuifundisha ni mwalimu Luca Ghini. Mmea uliotunzwa vizuri unaweza kupita miaka mia tatu na zaidi.

Tunasoma katika 1 Wafalme kwamba Sulemani alisema habari za miti, tangu mwerezi mpaka hisopo. Lakini hakutuachia hata tawi moja lililokaushwa, na ndiyo maana wataalam wa Biblia wanabishana mpaka leo hisopo ilikuwa mmea gani. Angalau Sulemani alikuwa na kazi nyingine.

Sasa twende Yangambi. Wengi wetu tunajua njia ya kutoka Walikale kwenda Kisangani. Yangambi iko chini ya Kisangani, kama kilometa 100 ukifuata mto Kongo. Na wale wanaosema kwamba ni mbali na haituhusu, wakumbuke mito yetu ya Walikale inaingia katika Lowa, Lowa inaingia katika Lualaba, na Lualaba ndio mto ule ule unaopita Kisangani na Yangambi. Maji ya hapa yanafika kule, na uchafu wake pia.

Wabelgiji walianzisha INEAC mwaka 1933, shirika la kuchunguza mambo ya kilimo, na Yangambi ikawa makao yake makubwa. Leo kazi hiyo iko mikononi mwa INERA ya nchi yetu. Kule kuna herbariumu iliyo kubwa kuliko zote za Kongo, yenye mimea mikavu kama 150.000. Nyingine nyingi za nchi yetu zilipelekwa Ubelgiji, ziko Meise karibu na Bruxelles. Vita vilipita Kisangani, mwaka 2000 mabomu yalianguka katikati ya mji, lakini karatasi za Yangambi zingali pale, na Wakongo ndio wanaozitunza.

Watu waliokusanya mimea ile katika miaka ya 1930 hawakuwa na nia ya kupima hali ya hewa. Walitaka kujua majina, na mti gani ungeleta faida. Lakini bila kujua, walifunga ndani ya karatasi kipande cha hewa ya siku ile. Hapa ndipo penye siri yenyewe, nami nitaieleza polepole sababu hata mimi sikuielewa mara ya kwanza.

Jani linakula hewa. Mlishajifunza fotosintesi: mti unavuta gazi karboniki, unaichanganya na maji kwa nguvu ya jua, na kaboni ya gazi ile inakuwa mwili wa jani. Kwa hiyo kaboni ya jani la 1938 ni kaboni ya hewa ya 1938. Jani likikauka, kaboni haiondoki. Iko pale pale.

Jani lina vinywa vidogo sana upande wa chini, vinaitwa stomati, ambavyo unaviona kwa mikroskopi tu. Kwa vinywa hivyo gazi inaingia, lakini kwa vinywa hivyo hivyo maji yanatoka. Ni kama nyumba yenye mlango mmoja: ukifungua ili mgeni aingie, kuku anatoka. Mti hauna njia nyingine. Kila siku unapima: nifungue nile, ao nifunge nisikauke?

Zamani, kabla ya viwanda, hewa ilikuwa na gazi karboniki sehemu kama 280 katika milioni. Mwaka 1938 ilikuwa karibu 310. Leo imepita 420, sababu ya mafuta, makaa ya mawe na mapori yanayochomwa. Sasa mti unaopata gazi nyingi hivi hauna haja ya vinywa vingi. Mtaalam mmoja wa Uingereza, F. I. Woodward, alihesabu vinywa vya majani makavu ya miti ya kwao yaliyokusanywa katika muda wa miaka 200. Mwaka 1987 alitangaza kwamba vinywa vilikuwa vimepungua kama 40 kwa mia. Fikirini: hesabu hiyo haingewezekana kwa mti ulio hai. Mti ulio hai unakuonyesha majani ya mwaka huu tu.

Kwa hiyo wataalam walitazamia kwamba miti ya pori letu pia itafaidika: gazi imeongezeka, vinywa vinafungwa kidogo, maji hayapotei bure, chakula kinatosha. Wengine walisema kwamba pori la Kongo litakula gazi yote hii kwa furaha na kutuokoa na joto. Lakini walisema hivyo bila kuliuliza pori lenyewe.

Mwaka 2020 kikundi cha wataalam, kiongozi wao Marijn Bauters wa Chuo Kikuu cha Gent, Ubelgiji, kilitoa matokeo ya kuchunguza majani makavu ya miti ya bonde la Kongo, kwa muda unaokaribia miaka mia. Walipima vinywa, walipima chakula ndani ya jani, na walipima uzito wa kaboni. Huu uzito ndio wa kueleza. Kaboni iko ya namna mbili, nyepesi (12) na nzito kidogo (13). Jani linapenda ile nyepesi. Mtazameni mama anayechagua maharagi: kikapu kikijaa, anachukua mazuri tu; kikiwa karibu kuisha na watoto wanalia, anapika hata yale mabaya. Jani nalo ni vile vile. Kama ndani ya jani gazi ni nyingi kuliko inavyoliwa, linachagua nyepesi. Kama jani linakula kwa nguvu na mlango umefungwa nusu, linachukua hata nzito. Basi ukipima nyepesi na nzito katika jani kavu, unajua lilikuwa linakula namna gani siku lilipochumwa. (Hewa yenyewe imekuwa nyepesi zaidi sababu ya moshi wa mafuta na makaa ya mawe, lakini kiasi hicho kinajulikana na kinatolewa katika hesabu.)

Walikuta nini? Kwanza, vinywa vya majani vilibadilika kama ilivyotazamiwa: nguvu yao ya kufunguka imepungua. Pili, azoti na fosfori katika majani zimekaa katika kipimo kile kile kwa kulinganishwa na kaboni tangu mwaka 1938, maana yake udongo haujachoka kama wengine walivyoogopa. Lakini tatu, na hili ndilo lililowashangaza, kaboni ya majani ilionyesha kwamba miti haitumii maji yake vizuri zaidi kuliko zamani. Inayatumia vibaya zaidi. Gazi iko tele mlangoni, inaingia, lakini jikoni kazi haiendi kwa nguvu iliyotazamiwa. Wenyewe wanadhani kwamba sababu moja ni joto linalozidi, lakini hawasemi kwamba imehakikishwa. Mimi napenda wataalam wanaosema hivyo.

Kwa hiyo mti wa pori letu haufanyi kama kitabu kilivyosema, na aliyeshuhudia ni jani kavu. Wale walioandika hesabu zao kwa kutazama miti ya Ulaya tu hawakuweza kulijua jambo hili.

Kuna mambo mengine yanayosomwa katika mimea mikavu, nitayataja kwa haraka. Huko Boston, Marekani, Richard Primack na wenzake walilinganisha maua ya herbariumu na miti hai, wakaona kwamba kati ya 1980 na 2002 mimea ilitoa maua siku 8 mapema kuliko kati ya 1900 na 1920, sababu mji umepata joto. Kwetu hatuna majira ya baridi, na hesabu ya maua ni ngumu zaidi. Lakini hata Yangambi kuna madaftari ambamo wafanyakazi waliandika, tangu 1937 mpaka 1958, miti gani iko na maua, matunda ao majani mapya. Walizunguka porini wiki kwa wiki kwa miti kama 2.000. Majina ya wengi waliotembea hayatajwi mahali popote, lakini kalamu yao inasomwa leo.

Lingine linawahusu wachimbaji wa dhahabu, na hapa Omate ni nani asiye na ndugu katika mashimo? Kuna mimea midogo laini kama manyoya inayoota juu ya mawe na magogo. Haina mizizi ya kweli, chakula chake kinatoka katika mvua na hewa. Kwa hiyo inashika kila kitu kinachoanguka kutoka juu. Huko Sweden, wataalam wawili, Rühling na Tyler, walipima risasi katika mimea ya namna hii iliyokaushwa tangu miaka ya 1860, wakatoa habari zao mwaka 1968: risasi ilikuwa imepanda pamoja na viwanda, na tena pamoja na motokari. Nikawaza mara moja juu ya zebaki, ile inayotumiwa mahali pengi na wachimbaji kwa kukamata dhahabu, halafu inachomwa na moshi wake unapanda hewani. Tungeweza kuipima katika mimea ya mawe, ya kale na ya leo?

Nilifurahia wazo langu siku mbili nzima. Halafu nikasoma kwamba zamani mimea ya herbariumu ilipakwa sumu ili wadudu wasiile, na sumu ile mara nyingi ilitengenezwa kwa zebaki! Kwa hiyo ukipima zebaki katika mmea kama ule, unapima dawa ya mtunzaji. Ndugu zangu wa sayansi, lishikeni jambo hili: kabla ya kupima kitu cha zamani, uliza kwanza watu waliokitunza walikifanyia nini. Mimea ambayo sisi tungekausha leo bila sumu, ndiyo ingefaa kwa wale watakaopima baadaye.

Turudi kwa kifurushi chetu. Katika mimea 31, wadudu walikuwa wamekula 9 mpaka kubaki unga. Ilibaki 22. Kati ya hiyo, minne tu ilikuwa na kikaratasi chenye tarehe na mahali. Kwa mingine kuna jina la mwanafunzi na pointi alizopata, basi. Mmoja wetu akasema: «Si tarehe iko juu ya gazeti?» Ni kweli magazeti yalikuwa na tarehe za mwaka 1985. Lakini gazeti linakuambia tu kwamba mmea haukulazwa mle kabla ya siku ile. Sisi wenyewe leo tunafungia sabuni kwa magazeti ya zamani. Tarehe ya gazeti si tarehe ya mmea.

Tulichukua karatasi moja isiyo na maandiko, yenye majani membamba na matunda madogo, tukamwonyesha mama mmoja mzee anayekaa karibu na shule. Aliitazama muda mrefu, akaigeuza, akainusa. Kisha akatupa jina lake kwa Kinyanga, bila kusita, na kusema kwamba zamani ilikuwa dawa ya watoto, iliota penye maji ya baridi, naye hajaiona miaka mingi. Tukamuuliza: «Mama, ilikuwa inaota wapi?» Akasema, pahali pengi. Mto huu na ule. Vijito vingi alivyotaja, leo vimepinduliwa kwa kutafuta dhahabu, na maji yake ni matope toka asubuhi mpaka usiku.

Basi mmea tuko nao mkononi, na hatuwezi kusema ulichumwa wapi. Kama yule mwanafunzi angeandika maneno matatu, «kijito cha fulani, kivulini», leo tungejua kwa hakika kwamba mmea ule uliota mahali pale mwaka fulani, na tungeweza kwenda kutazama kama ungalipo. Alipata pointi 14 juu ya 20. Simlaumu, sababu mimi nilipata 16 na sikuandika mahali vilevile.

Sasa msifikiri kwamba mimea mikavu inasema yote. Inadanganya pia, ama tuseme inanyamaza. Wakusanyaji wa zamani walipita penye njia ya motokari, penye misioni, kando ya mito ya kupitisha mtumbwi. Walipenda majira ya kutembea vizuri. Walichuma chenye maua mazuri na kuacha kichaka kibaya chenye miiba. Kwa hiyo ukikuta kwamba mmea fulani haumo katika karatasi za Walikale za miaka ya 1930, usiseme kwamba haukuwako. Pengine hakuna aliyepita. Na mtu akisema «mmea huu umetoweka», tumuulize: ni nani aliyekwenda kuutafuta, na lini? Kwetu ambako vita vimefunga njia miaka mingi, swali hilo ni la lazima.

Tena inaweza kuangamia. Mwaka 1907 na 1908 mtaalam wa mimea Johannes Mildbraed alikuja pamoja na msafara wa dyuki mmoja wa Ujerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg. Walipita Rwanda, milima ya moto ya Virunga, wakaendelea mpaka pori la Ituri. Mimea aliyochuma ilipelekwa Berlin. Katika usiku wa kwanza wa mwezi wa tatu 1943 mabomu yaliangukia herbariumu ya Berlin, na sehemu kubwa ya mimea yake, iliyokuwa kama milioni nne, ikaungua. Kilichookoka, kiliokoka mara nyingi sababu wakusanyaji walikuwa na desturi ya kuchuma matawi mawili matatu ya mti ule ule na kuyagawa: moja linabaki hapa, lingine linatumwa mji mwingine. Nyumba moja ikiungua, ndugu yake anabaki.

Hiyo ndiyo desturi tunayotaka kuifuata. Mwalimu wa biolojia amekubali kwamba kazi ya mwaka huu ifanywe namna nyingine: kila kikundi mimea mitano tu badala ya 20, lakini kila mmea mara mbili. Nakala moja itakaa katika kabati ya maktaba, ya pili itangoja siku ambapo njia itaturuhusu kuipeleka Lwiro, kule Kivu ya Kusini, ambako kituo cha uchunguzi kina herbariumu yake. Kila karatasi iwe na haya: tarehe, mahali (si «Omate» tu, bali kilima ao kijito na upande wake), penye jua ao kivuli, urefu wa mmea, rangi ya ua kabla halijakauka, jina kwa Kinyanga, Kihunde ao Kikumu na ni nani aliyelitaja, kazi yake kama iko, na jina la aliyechuma. Andikeni kwa penseli. Biki inafifia na maji yanaiharibu, penseli inabaki.

Mwenzangu mwenye telefone amesema foto inatosha. Foto ni nzuri kwa rangi, tupige hata foto. Lakini huwezi kuhesabu vinywa vya jani katika foto, wala kupima kaboni yake.

Tunahitaji magazeti ya zamani, mbao nane za urefu wa mkono, na kamba ama mishipi iliyokatika. Naftalini pia, kwa anayeweza, sababu wale wadudu wa depo wangaliko. Vitu hivyo viletwe maktaba kabla ya siku ya posho. Kikundi cha kwanza kitaanzia kwenye kijito kilicho chini ya shule, upande wa juu, ambako maji bado ni meupe, na yule mama mzee amesema atatembea pamoja nasi kama tukienda polepole.

Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho